Jina Zuri la Pazasauti

Sisi watu wa Jamhuri ya Shwari tuna simu nyingi kuliko watu, na kwa hilo hakuna nchi inayotufikia. Kuongea nazo, hapo ndipo bado tunajipanga.

Lakini mtu asicheke. Nchi haipimwi kwa yale yasiyokuwepo. Ingepimwa hivyo, nani angesalimika? Nchi hupimwa kwa jina lake, na upande wa simu jina la Shwari lilikuwa mikononi mwa kampuni moja tu, Pazasauti, iliyokuwa ya wenyewe siku za faida na ya serikali siku za hasara. Kaulimbiu yake ilipakwa kila ukuta: POPOTE ULIPO, TUPO. Watu wa Kanda ya Nyuma ya Mlima walipoisoma mara ya kwanza waligeuka kutazama ni nani yupo, wakaona mbuzi.

Pazasauti ilikuwa na njia yake ya kujua kama inapendwa. Kulikuwa na mashine jijini, ndani ya chumba chenye baridi kuliko hospitali, iliyokuwa ikiwapigia watu simu. Ukipokea unasikia sauti ya binti aliyelelewa vizuri, anakuuliza, "Habari za mtandao?" Sasa mtu wa Shwari akiulizwa habari hujibu nini? Hujibu nzuri. Hata paa likiwa linawaka moto, kwanza habari ni nzuri, mambo ya moto yanafuata. "Habari za nyumbani?" "Nzuri tu, ila baba tumemzika jana." Ndivyo tulivyofunzwa, na anayetanguliza ubaya huyo hana kwao. Basi mashine ikiuliza, mteja anasema "Nzuri," anavuta pumzi ili alete ile ila yake, na mashine inasema, "Asante kwa kutuamini," inakata.

Kwa njia hiyo Pazasauti ikapendwa na kila mtu. Walikuja wataalamu kutoka ng'ambo kuthibitisha, wakakaa hotelini, wakathibitisha. Walisema hawajapata kuona taifa lililoridhika kiasi hicho na kitu chochote, hata chakula.

Na katika kanda zote, iliyoongoza kwa kuridhika ni Nyuma ya Mlima, ambako Pazasauti haikuwahi kusimamisha hata mnara mmoja. Hili lisimshangaze mtu. Jijini, kwenye mtandao wa kumwaga, watu waliweza kupiga namba ya malalamiko wakatukana mpaka wakatosheka. Kutoka Nyuma ya Mlima haikuingia simu ya malalamiko hata ya bahati mbaya. Wakubwa walitazama ule ukimya, wakasema: watazameni watu wenye shukrani.

*

Aliyewekwa kuilinda shukrani hiyo aliitwa Shomvi Kibwana. Cheo chake kilikuwa Afisa wa Jina Zuri, Kanda ya Nyuma ya Mlima, na kituo chake kilikuwa mji mdogo wa Mkiani, ambako lami ilishakwisha zamani, changarawe nayo ikachoka njiani, na anayefika anafika kwa ukaidi wake mwenyewe.

Vifaa vyake vya kazi vilikuwa ndoo za rangi ya zambarau, kipaza sauti, na kofia za kugawa. Minara haikuwa idara yake. Mtu akija kuuliza habari za mnara, Shomvi alimpa kofia. Akija na hasira, alimpakia ukuta rangi. Miaka ikaenda, Mkiani yote ikawa zambarau: maduka, zahanati, choo cha shule, na banda la mbuzi la mzee mmoja aliyekuwa akiuliza sana. Ukiutazama mji kutoka mlimani ungedhani kuna mtu amemwaga gunia la bilinganya.

Shomvi alipelekwa huko kwa muda mfupi, akiwa bado na nywele. Mkewe, Mwanaisha, alibaki jijini. Na hapa naomba tusimcheke, maana ni mtu mwema: mtumishi wa kampuni ya simu, anavaa fulana ya simu, analala chini ya bango la simu, na hana namna ya kumpigia mkewe. Alichoweza ni kutuma maneno kwa lori la vitunguu. Siku moja alimwambia dereva, "Mwambie nimemkumbuka." Madereva wa lori lile walikuwa wakipokezana njiani, na maneno nayo yakapokezanwa. Yaliyofika ni kwamba Shomvi anaumwa. Mwanaisha akatuma dawa ya tumbo. Shomvi akainywa, yote, kwa sababu ilitoka mikononi mwake.

Kanuni ya kampuni ilikuwa fupi. Afisa ambaye kanda yake haijalalamika atarudishwa nyumbani, siku wakubwa watakapomkumbuka. Afisa ambaye kanda yake imelalamika atabaki hukohuko mpaka lalamiko litatuliwe. Na tangu Pazasauti ianzishwe hakuna aliyewahi kusikia lalamiko lililotatuliwa. Kwa hiyo yule mwenye kiu ya mnara kuliko wote Mkiani ndiye aliyekuwa akilipwa kuhakikisha hakuna anayeuomba. Alilala na jambo hilo, akaamka nalo, likamkondesha kuliko homa.

*

Nimesema Pazasauti haikuwa na mnara Nyuma ya Mlima, na ni kweli. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nyuma ya nyumba ya Bi Kidawa, kando ya mbuzi wake, palikuwa na kichuguu kirefu kama mnazi mchanga. Mtu akipanda mpaka juu, akasimama kwa mguu mmoja, akaelekeza uso kwenye pengo la mlima, simu yake ilipata kijiti kimoja cha mtandao uliopotea njia kutoka upande wa pili. Hakuna aliyejua kwa nini. Mchwa walijua, lakini hawakuulizwa.

Bi Kidawa hakumtoza mtu chochote. Ila hapo uani kulikuwa na ungo wa karanga, na aliyekuwa akingoja zamu yake ya kupanda, alimenya. Mji mzima ulimenya karanga zile. Mganga wa zahanati alimenya huku akingoja kuita gari la kumchukua mzazi aliyeshindwa kujifungua. Shomvi naye alimenya, kwa siri kidogo, kofia ya kampuni ameiweka mfukoni, akingoja kumpigia Mwanaisha. Na kila alipofika juu kijiti kilikuwa kimeondoka.

"Umempata?" Bi Kidawa alimuuliza.

"Leo hewa nzito, mama."

"Hewa nzito, au kampuni nyepesi?"

"Mama, usiseme hivyo mbele za watu."

"Basi shuka nikusemee pembeni."

Siku moja mzazi mmoja alikaa chini ya kichuguu kile tangu asubuhi, mganga akipanda na kushuka, akipanda na kushuka, na kijiti hakikutokea mpaka jua limepinda. Mtoto alizaliwa palepale, katikati ya maganda ya karanga. Walinusurika wote wawili, kwa rehema tu. Bi Kidawa ndiye aliyempokea. Alipomaliza kunawa mikono aliwaambia watu, "Basi, jamani. Ujanja wa mchwa umefika mwisho wake. Tuombe mnara."

Walikwenda kuomba. Kampuni ikawajibu kwa upole kwamba minara hupelekwa kwa wasioridhika, na wao ndio walioridhika kuliko taifa zima. Kuwapelekea mnara kungekuwa kuwavunjia heshima.

"Kumbe dawa ni kusema mbaya," alisema Bi Kidawa. "Ile mashine ikipiga, mtu ajibu mbaya. Neno moja tu. Nani anaweza?"

Watu walitazama chini. Kujibu mbaya, kwa mtu aliyekuuliza habari! Hata wezi wa Mkiani walikuwa hawajafika huko.

Wakamchagua Mzee Fumbwe. Huyu alikuwa mgomvi wa kuzaliwa, mtu aliyepata kuwafukuza wakwe zake kwenye harusi yake mwenyewe. Walimpandisha juu ya kichuguu na mwavuli na chakula, akae huko mpaka mashine ipige. Shomvi alikuja akasimama kwa mbali, mikono nyuma. Alijua kabisa: Fumbwe akitamka lile neno, yeye atazikwa Mkiani.

Simu ikalia. Mzee Fumbwe akakunja uso mpaka mbuzi wakarudi nyuma.

Lakini mashine ya Pazasauti ilikuwa na umri wa kila mtu, kutokana na usajili wa laini, na ilikuwa na adabu zake. "Shikamoo, babu," ikasema ile sauti.

Uso wa Mzee Fumbwe ukalegea. "Marahaba, mjukuu wangu! Hujambo? Wazazi hawajambo?"

"Habari za mtandao?"

"Nzuri tu, mama, tunamshukuru Mungu. Ila..."

"Asante kwa kutuamini."

Alishuka polepole, hamtazami mtu.

"Mzee mzima!" alipiga kelele mganga. "Neno moja!"

"Ana adabu yule mtoto," alisema Mzee Fumbwe. "Wa kwangu hata mmoja hajawahi kuniamkia hivyo. Nimwambie mbaya, nionekane sina kwetu?"

Basi akapanda Bi Kidawa mwenyewe. Wiki nzima alikuwa akifanya mazoezi na mbuzi. "Habari zenu?" anawauliza, kisha anajijibu, "Mbaya! Mbaya! Mbaya!" mpaka majirani wakadhani kachanganyikiwa. Simu ilipolia, ikamwamkia bibi, akaitikia; ikamuuliza habari za mtandao. Bi Kidawa akafumba macho kama mtu anayekunywa mwarobaini, akasema, "Mbaya."

Shomvi alivua kofia ya kampuni, akaitia mfukoni.

"Samahani," ilisema ile sauti. "Jibu lako halijaeleweka. Habari za mtandao?"

"Mbaya!"

"Samahani. Jibu lako halijaeleweka. Habari za mtandao?"

Waliotengeneza mashine ile hawakuifunza neno hilo. Waliona halitahitajika. Bi Kidawa alisema mbaya mpaka sauti ikakauka, juu ya kichuguu, kwa mguu mmoja, na jua la Mkiani nalo halina huruma na wazee. Mwisho akachoka, kama wote tunavyochoka. "Haya nzuri, basi!" alisema. "Nzuri, unitoe roho!"

"Asante kwa kutuamini."

Shomvi alimpokea mkono aliposhuka. Alikuwa amepona, na alikuwa na haya, na hivi viwili havikai pamoja vizuri kifuani. Akaketi penye ungo akaanza kumenya, ingawa siku hiyo hakuwa na zamu.

*

Si muda mrefu lori la vitunguu likaleta habari, na safari hii haikuharibika njiani, maana ilikuwa na muhuri. Mkurugenzi Mkuu wa Pazasauti, Daktari Mhandisi Ngulangwa, anakuja mwenyewe Mkiani kutoa Tuzo ya Kanda Iliyotulia Kuliko Zote. Waandishi wanakuja naye. Na chini, kwa ajili ya Shomvi peke yake: shughuli ikimalizika bila doa, arudi jijini ndani ya gari la Mkurugenzi, afungashe vitu vyake mapema.

Shomvi alisoma sehemu hiyo ya chini mpaka akaijua kwa moyo. Akatoa sanduku lake uvunguni, akalifuta vumbi, akalipaka rangi ya zambarau iliyobaki.

Kabla ya Mkurugenzi lilitangulia greda la kusawazisha uwanja. Afisa Itifaki aliyekuja nalo alizunguka mji mzima akapiga picha kwa vidole vyake, hivi, na mahali palipompendeza pakawa ni uani kwa Bi Kidawa, kwa sababu mlima unaonekana vizuri nyuma.

"Jukwaa hapa," alisema. "Mbuzi waondoke. Na hicho kichuguu kinakula picha. Kisawazishwe."

Dereva wa greda alimtazama Shomvi. Bi Kidawa alimtazama Shomvi. Mji mzima ulimtazama. Kulikuwa na sentensi moja tu ya kusema: mheshimiwa, hicho kichuguu ndicho mtandao wenyewe. Lakini kuisema ni kukiri kwamba hakuna mwingine, na kukiri ni lalamiko, tena limetoka kinywani mwa Afisa wa Jina Zuri. Shomvi alifungua kinywa, akamwona Mwanaisha kwa macho ya moyo, amekaa barazani kule jijini, akasema, "Endelea."

Greda lilifanya kazi yake. Ndivyo katika Jamhuri ya Shwari mahali pekee penye mtandao katika kanda nzima palivyosawazishwa ili papatikane mahali pa kuusifia.

Jioni yake Shomvi alipita hapo, hakutaka kuonekana, akaonekana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Naam," alisema Bi Kidawa. Akavuta ungo karibu, akaanza kumenya karanga zake mwenyewe, maana hakukuwa tena na wa kumsaidia.

*

Siku ya shughuli Mkiani ilipendeza, mtu asiseme haikupendeza. Kofia zilitosha watoto wote na baadhi ya mbuzi. Mkurugenzi alifika na magari marefu yaliyokuwa njiani tangu juzi, akashuka na simu yake ya dhahabu mkononi, ambayo tangu juzi hiyohiyo haikuwa imelia. Hakulitaja jambo hilo. Aliwaambia waandishi kwamba anapenda utulivu anapokuwa safarini.

Sanduku la Shomvi lilifungwa juu ya gari la Mkurugenzi kwa kamba mpya. Shomvi alikagua fundo kwa mkono wake, ndipo akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi wenye kuridhika!" alianza Daktari Mhandisi Ngulangwa. "Mtandao ni nini? Wapo wanaodhani mtandao ni kusikia sauti ya mtu. Hayo ni mawazo ya kizamani! Mtandao ni imani! Mtoto humwamini mama yake akiwa gizani, hamwoni, hamsikii, lakini anajua yupo. Ninyi wana wa Mkiani mmetuamini gizani. Hamkutuona! Hamkutusikia! Na hamkusema neno!"

Afisa Itifaki akapiga makofi, na watu wakapiga kwa sababu mgeni hapigi makofi peke yake.

Wakati huo nyuma ya watu, Mzee Fumbwe alikuwa ameegemea banda, redio ndogo ya betri imebanwa sikioni. Redio ya taifa ilifika Mkiani vizuri. Haikuwa na Afisa wa Jina Zuri. Kila adhuhuri mzee alisikiliza matangazo ya vifo, na mgomvi ana sababu yake: hakutaka kukutwa anamsema vibaya mtu ambaye ameshakufa. Mara Shomvi alimwona anavua kofia. Kisha akamnong'oneza mganga, mganga akamnong'oneza jirani yake, na mnong'ono ukaenda benchi kwa benchi mpaka kwa Bi Kidawa, aliyeketishwa mbele kama mteja wa mfano. Bi Kidawa akajitanda kanga kichwani.

Shomvi akatoka jasho. Wamepanga, alijisemea. Wamepanga kusema mbaya, wote kwa pamoja, mbele ya waandishi. Akatazama sanduku lake kule juu ya gari.

Tuzo ilitolewa. Bi Kidawa alipokea ngao ya mbao, akashukuru, akaketi. Hakusema mbaya. Mkurugenzi alikuwa anakunja hotuba yake, dereva ameshawasha gari, pale mwandishi wa gazeti la serikali, ambaye hakuajiriwa kuuliza, akauliza.

"Mheshimiwa, je, tunaweza kupata picha ya simu ikipigwa kutoka hapahapa?"

Daktari Mhandisi Ngulangwa aliitazama simu yake ya dhahabu. Haikuwa na kijiti. Akacheka kicheko cha kikubwa, akamkabidhi Shomvi. "Huyu ndiye mwenyeji. Afisa, mpigie Mheshimiwa Waziri wa Mawasiliano, Kondo Mwinyigogo. Mwambie tuko naye." Kisha, kwa sauti ya chini, meno yakiwa bado yanacheka: "Ukiwa unataka kupanda gari langu, mpate."

Shomvi akaiweka simu sikioni. Humo ndani hamkuwa na kitu, hata ule mlio wa kukataliwa. Ilikuwa kama kusikiliza mtungi mtupu.

"Haloo, Mheshimiwa!" alisema. "Shikamoo! Ndiyo! Ndiyo, tunakupata kama vile uko jirani hapa!"

Waandishi wakapiga picha. Mkurugenzi akashusha mabega. Na pengine mambo yangeishia hapo, kama isingekuwa Nyuma ya Mlima. Kwao simu si ya mtu mmoja. Anayeishika ni tarishi tu. Kila aliyepo humpa salamu azifikishe, na kila salamu lazima irudi na jibu lake, la sivyo mtu anahesabiwa amenuniwa. Na watu wa Mkiani, siku hiyo, walikuwa na hamu ya salamu ajabu.

"Mwambie Kidawa anamsalimu," alisema Bi Kidawa. "Anasemaje?"

"Anasema marahaba... anasema na wewe pia, mama. Anawasalimu wote. Yeye hajambo kabisa."

"Hajambo kabisa?"

"Kabisa, mama."

Watu wakatazamana. Bi Kidawa akaikaza kanga yake.

"Tumshukuru Mungu. Redio ilisema mguu unamtesa. Muulize mguu."

Shomvi akauliza. Akangoja kidogo, kama mtu anayesikiliza. "Anasema hasikii maumivu tena. Yamekwisha yote."

"Maskini. Amekaa au amelala?"

"Amelala kidogo. Anapumzika. Kazi zilikuwa nyingi."

"Apumzike kwa amani," alisema Mzee Fumbwe kutoka nyuma.

"Amina!" wakaitikia watu wote.

Ile amina ilimgonga Shomvi pabaya kidogo, lakini Mkiani watu huitikia amina hata kwenye bajeti. Mkurugenzi alimtikisia kichwa: endelea, endelea.

"Huko aliko kukoje?" aliuliza Bi Kidawa.

Na hapo Shomvi, mwongo aliyechoka, akaishiwa na waziri. Hakujua waziri anaishije. Katika ule mtungi mtupu uliokuwa sikioni mwake alichoweza kusikia ni nyumba moja tu, na akaisema hiyo. "Anasema kumetulia, mama. Kuna baridi kidogo. Ndugu wamekuja tangu asubuhi, wamejaa barazani. Wanawake wako uani wanapika kwenye masufuria makubwa. Anasema... anasema alikuwa anatamani sana kurudi nyumbani, na sasa amefika."

Mwanamke mmoja kwenye benchi la tatu akaanza kulia. Hata Afisa Itifaki alipenga kamasi. Shomvi mwenyewe macho yalimlenga, kwa sababu zake.

"Safi sana!" alinong'ona Mkurugenzi. "Sasa maliza."

"Bado la mnara," alisema Bi Kidawa. "Lile tusilikose. Muulize."

Shomvi akafikiri: kama ni uongo, walau huu mmoja uwe wa kuwafaa. "Anasema mnara utakuja, mama. Mwakani. Ameahidi kwa kinywa chake."

"Mmesikia!" alipaza sauti Daktari Mhandisi Ngulangwa. "Waandishi, andikeni! Ahadi ya Mheshimiwa Waziri mwenyewe!"

"Na nani atakuja kuuzindua?"

"Yeye mwenyewe, mama."

"Kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake. Ameapa."

Bi Kidawa aligeuza kichwa kidogo tu. Mzee Fumbwe akaitoa redio sikioni, akaizungusha mpaka mwisho wa sauti.

"...tunarudia tangazo hilo," ilisema redio ya taifa, na nyuma yake muziki wa huzuni. "Serikali ya Jamhuri ya Shwari inasikitika kutangaza kifo cha Waziri wa Mawasiliano, Mheshimiwa Kondo Mwinyigogo, kilichotokea alfajiri ya leo nyumbani kwake. Waombolezaji wameanza kuwasili..."

Mwandishi wa gazeti la serikali alitazama alichoandika, akaanza kukifuta, akaacha, akaanza tena. Daktari Mhandisi Ngulangwa alimtazama Shomvi, akaitazama simu yake ya dhahabu, kisha akampa dereva ishara kwa kidevu. Dereva akapanda juu ya gari, akaanza kulegeza ile kamba mpya.

Shomvi alikuwa bado na simu sikioni. Alitaka kuishusha, mkono ukakataa.

"Imekatika," alisema, kwa sauti ndogo.

"Usikate, mwanangu, usikate!" Bi Kidawa aliinuka, ngao yake kwapani, akasogea mpaka chini ya jukwaa na uso mpole kabisa. "Maadamu mtandao umefika mpaka huko, tuulizie na mume wangu. Mwaka wa tatu huu yuko kaburini, na sisi siku zote tulijua hapatikani."